Asiyekuwepo, na lake lipo: barua ya wazi kuhusu mama anayefanyia kazi nyumbani

Kwa wakurugenzi, mameneja, wakuu wa rasilimali watu, na kila anayepanga ratiba za kazi na kusaini fomu za tathmini,

Waheshimiwa,

Taasisi nyingi siku hizi zina waraka unaoruhusu kufanyia kazi nyumbani au kupanga saa kwa unafuu. Mama mwenye mtoto mchanga anaomba, anakubaliwa, anashukuru. Miaka miwili baadaye walioajiriwa naye mwaka mmoja wamepanda cheo, yeye yuko palepale, au ameshaandika barua ya kuacha kazi. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemnyima ruhusa. Barua hii inahusu mambo yanayotokea katikati ya hiyo miaka miwili. Sisi tunaoiandika ni watu wa kupanga zamu, kuandaa mikataba, kupiga hesabu za malengo na kuketi kwenye vikao vya kupandisha vyeo, na tunaona wazi kwamba ruhusa imetolewa lakini kazi yenyewe haikupangwa upya.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Maofisini methali hii inafanya kazi kila siku, na utafiti unaonyesha hivyo. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha mwaka 2015 jaribio lililofanywa katika kampuni ya usafiri ya Ctrip nchini China. Wahudumu wa simu waliofanyia kazi nyumbani siku 4 kati ya 5 kwa miezi 9 waliongeza utendaji kwa asilimia 13, na walioacha kazi wakapungua kwa nusu. Hata hivyo, walipolinganishwa na wenzao wa ofisini wenye utendaji sawa na wao, walipandishwa vyeo mara chache zaidi. Walifanya kazi zaidi wakaonekana kidogo. Jaribio lingine katika kampuni hiyohiyo, lililochapishwa mwaka 2024 na kuhusisha wafanyakazi zaidi ya 1,600, lilikuwa la mseto: siku 2 nyumbani na 3 ofisini. Safari hii kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja, nafuu ikaonekana hasa kwa wanawake, na upandishaji vyeo haukutofautiana. Kwa hiyo hasara ile haikuandikwa mbinguni. Inategemea mpangilio, na mpangilio mnauweka ninyi.

Tuanze na msingi wa ruhusa yenyewe. Pengi inatolewa kwa mdomo, kama hisani ya meneja. Meneja akihamishwa, hisani inahama naye, na mama anaamka Jumatatu anaambiwa arudi ofisini siku tano wakati kituo cha kulelea mtoto kimeshalipwa kwa saa za zamani. Mkiutaka utaratibu usimame, uandikwe kama nyongeza ya mkataba yenye mambo haya: siku za nyumbani, saa za kuanza na kumaliza, saa za pamoja ambazo kila mtu anapatikana, mzigo wa kazi uliokubaliwa, tarehe ya kupitia upya, na muda wa taarifa endapo upande wowote unataka kubadilisha. Wiki 8 za taarifa ni za haki, kwa sababu kubadilisha malezi ya mtoto si kazi ya siku mbili. Fomu ya maombi isizidi ukurasa mmoja. Majibu yatoke ndani ya siku 14. Uingereza, tangu Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba kuanzia siku yake ya kwanza kazini na mwajiri hupewa miezi 2 ya kukamilisha uamuzi. Kwa mama wa mtoto wa miezi minne, miezi 2 ni mingi mno. Anayekataa ombi aandike sababu ya kikazi inayoweza kupimwa. "Haitapendeza kwa wengine" si sababu. Mkiwa na wasiwasi, wekeni majaribio ya miezi 3, na mwandike kabla ya kuanza ni kipimo gani kitaonyesha kuwa yamefaulu. Kipimo kikitafutwa mwishoni, kila mtu huokota kinachounga mkono alichokwisha kukiamini.

Sasa mzigo wa kazi. Hapa ndipo mama wengi wanapovunjika, na hapa tunawaomba mtulie nasi kwenye hesabu.

Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki anaomba kupunguza hadi saa 32, yaani asilimia 80. Mshahara unakatwa kwa asilimia 20 mwezi huohuo. Malengo hayaguswi. Hilo kila mtu analiona ni kosa, ingawa bado linafanyika. Kosa lisiloonekana ni la pili: hata mnapopunguza malengo kwa asilimia 20, mmemdhulumu. Vikao, ripoti za wiki na mafunzo ya lazima havipungui kwa sababu mtu amepunguza saa. Tuseme vinakula saa 6 kwa wiki. Aliye na saa 40 anabaki na saa 34 za kazi yenyewe. Aliye na saa 32 anabaki na 26. Gawa 26 kwa 34, unapata takriban asilimia 76. Kwa hiyo lengo la haki ni asilimia 76, au vikao vyake vipunguzwe hadi vifike chini ya saa 5. Tofauti ya asilimia 4 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa mama ni zaidi ya saa moja kila wiki, na anailipia usiku, mtoto akishalala.

Njia ya kulirekebisha ni nyepesi. Meneja na mfanyakazi waketi saa moja na nusu. Waorodheshe kazi zote anazofanya, hata zile zisizo kwenye maelezo ya kazi: kuandaa kumbukumbu za kikao, kumwelekeza mgeni, kujibu simu za idara nyingine. Kila moja iandikiwe saa zake kwa wiki. Jumla ikishapatikana (na mara nyingi huvuka saa 40, jambo ambalo lenyewe ni habari kwa meneja), zitajwe kwa jina kazi zinazoondoka na jina la atakayezichukua. Kazi isiyo na mchukuaji haijaondoka. Itarudi kwake kimyakimya ndani ya wiki tatu. Na mchukuaji naye apunguziwe kitu, la sivyo mtazaa kinyongo dhidi ya mama wakati kosa ni la mpangaji. Rudieni orodha baada ya wiki 6.

Wenye kazi za saa kamili nyumbani wana shida ya upande mwingine, kwamba siku yao haiishi. Saa za mtoto wanazifidia usiku, ujumbe wa saa 4 usiku unajibiwa, na baada ya mwezi mmoja inakuwa desturi. Ufaransa iliweka haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi kwenye sheria yake tangu Januari 2017, na Ureno mwaka 2021 ikapitisha sheria inayomkataza mwajiri kumtafuta mfanyakazi kwenye muda wake wa mapumziko isipokuwa kwa dharura isiyozuilika. Hamhitaji kusubiri bunge. Elekezeni kwamba barua pepe inayoandikwa usiku ipangiwe kutoka asubuhi, na dharura ipigiwe simu. Mkishasema dharura ni simu tu, mtashangaa dharura zinavyopungua.

Kuhusu vikao tuna mambo machache ila ni ya lazima. Saa za pamoja ziwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na kikao kisichoweza kuingia humo kitafutiwe njia nyingine, kwa maana saa 2 asubuhi na saa 10 jioni ndizo saa za kumpeleka na kumchukua mtoto. Mtu mmoja akiwa mbali, wote wajiunge kila mmoja kwa kompyuta yake na kipaza sauti chake, hata walioko jengo moja. Kipaza sauti kimoja katikati ya meza ndefu humfanya aliye nyumbani asikie vicheko na viti vikiburuzwa huku hoja zikimpita, na akitaka kusema anakuta wamekwisha kuhamia hoja nyingine. Halafu kuna uamuzi wa koridoni, ule wa watu wawili wanaotoka kikaoni wakiendelea kuzungumza. Hauzuiliki, lakini unaweza kuwekewa sharti: uamuzi usioandikwa mahali pa wote ndani ya saa 24 haujawa uamuzi. Kanuni hiyo moja inawafaa wa ofisini pia.

Maandishi yana faida nyingine ambayo viongozi wengi hawaioni. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya pengo la mapato kati ya wanaume na wanawake wa kazi ileile huanza mtoto wa kwanza anapozaliwa, na hupanuka zaidi kwenye kazi zinazomlipa vizuri mno yule anayepatikana wakati wowote. Yeye na Lawrence Katz waliwachunguza wafamasia wa Marekani, wakaona kwamba kazi hiyo imekuwa miongoni mwa zenye usawa mkubwa, na adhabu ya kufanya saa chache ni ndogo mno. Sababu mojawapo ni kwamba rekodi za mgonjwa ziko kwenye kompyuta na mfamasia mmoja anaweza kuendelea pale mwenzake alipoishia. Jiulizeni: mteja wenu akipiga simu siku ambayo ofisa wake hayupo, kuna mtu mwingine anayeweza kufungua faili na kumjibu? Kama hakuna, tatizo si kutokuwepo kwa mama. Mmeijenga kazi juu ya kichwa cha mtu mmoja, na hata malaria ya siku tatu ingewaumbua.

Tuje kwenye likizo ya uzazi na kurudi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14, unampa mama haki ya kurudi kwenye nafasi ileile au inayolingana nayo kwa mshahara uleule, na unahesabu mapumziko ya kunyonyesha kuwa ni muda wa kazi wenye malipo. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, yaani wiki 26. Anayepata wiki 14 tu, hata akizitumia zote baada ya kujifungua, anarudi kazini akiwa na wiki 12 za kunyonyesha mbele yake. Hapo ndipo siku za nyumbani zinapokuwa na thamani kubwa kuliko wakati mwingine wowote, na hapo ndipo waajiri wengi humtaka ofisini "ajiweke sawa kwanza". Mmegeuza mpango. Wiki 12 za mwanzo ziwe ndizo zenye siku nyingi zaidi za nyumbani, kisha zipungue taratibu.

Siku anazokuja ofisini atahitaji kukamua maziwa takriban kila baada ya saa 3. Kwa siku ya saa 8 ni mara 2 au 3, na kila mara ni kama dakika 30 ukihesabu kutembea, kunawa, kukamua, kuosha vifaa na kuhifadhi. Chumba kiwe na kitasa kinachofungwa kwa ndani, kiti chenye mgongo, meza, soketi inayofikika bila kuinama, na bomba karibu. Friji iwe nyuzi 4 za Selsiasi au chini, na mahali pa kuandika jina na tarehe kwenye chombo. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba na siku 4 kwenye friji. Choo hakihesabiki, hata kikiwa safi namna gani. Muda wa kukamua uingizwe kwenye kalenda kama shughuli isiyogeuzwa, kwa sababu kinachoharibu mpango huu si ukosefu wa chumba peke yake. Kinachouharibu zaidi ni kikao kilichorefuka kwa dakika 40. Mama akiruka awamu, titi hujaa na kuuma, mirija huziba, na uvimbe wenye homa unaweza kufuata. Akiruka mara kwa mara, mwili hutafsiri kwamba maziwa hayahitajiki na hupunguza. Msimamizi anayejua hivyo hatasema "subiri kidogo tumalizie".

Kurudi kwenyewe kuna mitego midogo inayouma. Akaunti ya barua pepe imefungwa kwa kutotumika. Nywila zimeisha muda. Kompyuta yake alipewa mtu wa muda. Wiki yake ya kwanza inaishia kwenye foleni ya kitengo cha teknolojia, na wenzake wanamwona hana anachofanya. Wiki 2 kabla ya kurudi, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina ajaribu kila akaunti na kila kifaa. Siku ya kwanza iwe Jumatano au Alhamisi ili wiki ya kwanza iwe fupi. Mtoto naye anajifunza kuachwa. Wateja na miradi aliyoikabidhi iandikwe tangu mwanzo kuwa imeazimwa, pamoja na tarehe ya kurudishwa. Tunalisisitiza hili kuliko yote yahusuyo kurudi. Mama anayepewa cheo kilekile bila wateja wake amerudishiwa kiti tu. Na wakati wa likizo asipigiwe simu. Kama yeye mwenyewe anataka habari, achague mtu mmoja na njia moja.

Tathmini ya mwaka. Aliyefanya kazi miezi 7 kati ya 12 apimwe kwa 7/12 ya malengo, na asilinganishwe kwa jumla na waliofanya miezi yote. Wale wanaopanga watu kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, wahakikishe hesabu hiyo imefanywa kabla ya kupanga, kwa maana baadaye hairekebishiki; kila kikao hutazama orodha, si maelezo ya chini yake. Kwenye kikao cha kupandisha vyeo, kila jina lisomwe pamoja na matokeo matatu yaliyoandikwa, na maneno kama "anajituma" au "haonekani sana" yasikubaliwe bila mfano. Msimuamulie mama kwamba safari, mradi mgumu au cheo kipya kitamlemea. Mpeni nafasi, aseme mwenyewe. Huruma inayomnyima mtu mradi mkubwa inamgharimu sawasawa na chuki, na aghalabu hajui hata kwamba jina lake lilitajwa likapitwa.

Programu zinazohesabu mibofyo na mwendo wa kipanya ziondoeni. Zinampima vibaya anayenyonyesha dakika 20 na kumsifu anayetikisa kipanya.

Kuna jambo tunapaswa kulisema kwa upande wa wafanyakazi pia. Kufanyia kazi nyumbani si malezi ya mtoto. Mtoto wa miezi 6 analala vipande vifupi, anahitaji mikono na macho, na mshika mbili moja humponyoka. Mwajiri anayekata posho ya malezi kwa hoja kwamba "si uko nyumbani" anapoteza saa za kazi na kumweka mtoto hatarini kwa wakati mmoja. Saa za kazi zinahitaji mlezi mwingine. Lakini msimdai mama peke yake uthibitisho wa mlezi huku baba wa idara ileile haulizwi kitu. Na siku mtoto anapoamka na homa, kituo hakimpokei. Hili litatokea, wala si mara moja kwa mwaka. Wekeni utaratibu wa kubadilisha siku: ujumbe mmoja kabla ya saa 2 asubuhi, kazi mbili za lazima za siku hiyo zitajwe, nyingine zisogezwe hadi ndani ya siku 10. Bila utaratibu huo mama hudanganya kwamba anaumwa yeye.

Wapo ambao kazi yao haiwezi kufanyika nyumbani: wauguzi, wa viwandani, wa dukani, madereva, walinzi. Waraka wenu mara nyingi unawasahau kabisa. Kwao unafuu ni ratiba. Zamu zitangazwe siku 14 kabla. Ruhusuni kubadilishana zamu kati ya watu wenye sifa sawa bila kusaka saini tatu. Mama wa mtoto chini ya mwaka mmoja apewe zamu isiyobadilika badala ya ile inayozunguka, kwa sababu hakuna mlezi anayeweza kufuata zamu inayogeuka kila wiki. Na zamu ya usiku isifuatwe na ya mchana kabla ya mapumziko ya saa 11 mfululizo.

Baba nao. Utaratibu ukitumiwa na mama peke yao, baada ya mwaka mmoja utaitwa wa akina mama, na kila anayeutumia atahesabiwa kuwa ameiweka kazi kando. Wakurugenzi wanaume wenye watoto waandike kwenye kalenda ya wazi "namchukua mtoto, saa 10", kisha waondoke kweli. Waraka mrefu hauna nguvu ya kalenda hiyo.

Tunachowaomba kwa sasa ni jedwali moja, kila miezi 6, lisomwe na wafanyakazi wote. Liwe na maombi yaliyopokelewa, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa pamoja na sababu. Siku zilizopita hadi jibu. Waliopandishwa vyeo kwa mgawanyo wa jinsia na wa namna ya kazi, yaani ofisini, mseto, nyumbani na saa zilizopunguzwa. Na idadi ya waliorudi kutoka likizo ya uzazi ambao bado wapo baada ya miezi 12. Kundi lenye watu chini ya 5 liunganishwe na jingine ili siri za watu zisivuje. La kwanza litawachukua kama wiki mbili kulikusanya, na huenda baadhi ya tarakimu zisiwepo kwa sababu hakuna aliyewahi kuziandika. Basi acheni nafasi hizo wazi, ila jedwali litoeni hivyohivyo, na mwandike nani atazijaza na lini.

Wenu katika kazi,

Wapangaji wa zamu, maofisa wa rasilimali watu na waandaaji wa mikataba